Mitishamba ipimwe, isibaki mzigo wa njia za panya

Mfanyabiashara anayezunguka kati ya Kampala, Busia na Kisumu hana siku ya kuugua. Akianza kukohoa au tumbo likimsumbua akiwa safarini, hawezi kupanga foleni hospitalini hadi alasiri huku mzigo wake uko kwenye gari la mtu mwingine. Anaingia duka la dawa lililo karibu na stendi, anaeleza anavyojisikia, anapewa vidonge vya rangi mbili vya siku mbili, kwa kuwa fedha aliyoitoa inatosha siku mbili. Akipata nafuu mapema, vinavyobaki anavitia kwenye pochi. Atampa mwenzake atakayeumwa Malaba. Na kama havikumsaidia, hatua chache kutoka hapo yupo mama mwenye meza ya magome, mizizi na unga wa majani, ambaye naye ana dawa ya tumbo, ya kifua na ya kile kinachoitwa "taifodi sugu".

Pochi ile na meza ile zinakutana kwenye tatizo moja: bakteria waliozoea dawa. Tanzania imelipa tatizo hilo jina la UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia ina wiki yake ya kulizungumzia. Mabango hutundikwa, hotuba husomwa, na tarehe 25 biashara ya vidonge vya siku mbili huendelea kama kawaida.

Hasara yake si ya kukisia tu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa katika mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia hawakusikia dawa, na vifo milioni 4.95 vilikuwa na uhusiano na usugu huo. Kanda iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake ni Afrika kusini mwa Sahara. Karibu zaidi na nyumbani, mradi wa utafiti uliopewa jina la Kiswahili, HATUA, ulichunguza wagonjwa wa maambukizi ya njia ya mkojo katika Kenya, Tanzania na Uganda. Karibu nusu ya bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa pamoja. Huo ni ugonjwa ambao wanawake wengi wa sokoni wanaujua vizuri, kwa sababu ya kukaa kutwa nzima bila choo safi na kubana mkojo ndani ya basi.

Bakteria sugu hawagongewi muhuri mpakani. Taifodi ni mfano ulio wazi. Ukoo mmoja wa bakteria wa taifodi, ambao wanasayansi wameuita H58, ulitokea Asia ya Kusini ukaingia Afrika Mashariki, ukaenea kutoka nchi hadi nchi ukiwa tayari umebeba usugu dhidi ya dawa za zamani: kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli. Ulisafiri ndani ya miili ya watu, katika maji na katika chakula, kwenye barabara zilezile zinazopitisha mitumba na mahindi. Hapa pana jambo la kuongeza, kwa kuwa linawagharimu wafanyabiashara fedha nyingi: wengi wanaoambiwa wana taifodi baada ya kipimo cha haraka cha Widal hawana taifodi. Kipimo hicho hudanganya mara nyingi. Kinachothibitisha ugonjwa ni kuotesha damu maabara, kazi inayochukua siku kadhaa, na siku kadhaa ndizo asizokuwa nazo mtu wa safari. Matokeo yake ni antibiotiki nyingi kwa ugonjwa ambao haupo.

Kwa nini dozi ya siku mbili ni hatari? Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata joto na chakula, anaweza kujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Katika mamilioni hayo wapo wachache waliozaliwa na kasoro inayowafaa: mmoja ana kimeng'enya kinachokata dawa vipande, mwingine ana pampu ndogo kwenye utando wake inayotema dawa nje kabla haijafanya kazi. Dawa inapopita kidogo, wanyonge hufa, wenye pampu hubaki, nao hurithisha. Tena hawarithishi watoto wao tu. Bakteria huweza kumpa jirani wa aina nyingine kabisa kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya usugu, kama dereva anavyompa dereva mwenzake namba ya simu ya mtu wa njia ya panya.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Alihofia siku ambayo penisilini itauzwa dukani kwa kila mtu, na mnunuzi asiyejua akameza kiasi kidogo kisichoua, akawafundisha bakteria kustahimili. Siku hiyo ilifika zamani.

Ndipo macho yanapogeukia mimea, na si kwa ujinga. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala kinga kama ya binadamu. Umeishi mamilioni ya miaka katikati ya bakteria na kuvu kwa kutengeneza kemikali zake. Mkazi wa Afrika Mashariki anazitumia kila siku bila kuziita dawa. Mti wa mswaki una kemikali yenye salfa inayoua bakteria wa kinywani, na Shirika la Afya Duniani halina tatizo na watu kuutumia kusafishia meno. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Ndizo karafuu zilezile za Pemba zilizokuwa zikivushwa kwa magendo hadi pwani ya Kenya. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, inayoua bakteria wengi kwenye sahani ya maabara. Magome ya jamii ya mjafari, ambayo Wamaasai huyatia kwenye supu, yana alkaloidi zinazopigana na bakteria. Mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, wenye gome kali kama pilipili, umechunguzwa Nairobi na kwingineko kwa miongo kadhaa.

Lakini "inaua bakteria kwenye sahani" ni sentensi fupi kuliko watu wanavyodhani. Hata jiki inaua bakteria kwenye sahani. Swali ni kama kemikali hiyo ikinywewa inafika kwenye kibofu au kwenye pafu ikiwa bado na nguvu, kwa kiasi kinachotosha, bila kuharibu ini. Alisini ya kitunguu saumu huharibika haraka mno mwilini. Yujenoli ni nzuri kwenye jino, lakini chupa ya mafuta ya karafuu akiinywa mtoto inaweza kumuua. Karibu antibiotiki zote zinazouzwa leo zilianzia kwa kuvu na bakteria wa udongoni au kwenye meza ya mkemia. Mimea haijatoa mshindani wao wa wazi, na sababu moja ni kwamba kemikali nyingi za mimea, moja moja, ni dhaifu.

Neno muhimu hapo ni "moja moja". Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha jambo la kushangaza kuhusu mimea ya jamii ya beberisi, ambayo ina ndugu zake katika milima ya Afrika Mashariki. Mimea hiyo hutengeneza beberini, kemikali ya njano inayoua bakteria lakini hutemwa nje kirahisi na pampu zao. Ndani ya mmea huohuo walikuta kemikali ya pili, ambayo peke yake haiui chochote. Kazi yake ni kuziba pampu. Zikiwa pamoja, beberini hubaki ndani na kuua. Yaani mmea ulikuwa umeshajibu swali la usugu kabla binadamu hajalijua. Wanaotumia amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki wanalifahamu wazo hilo hata kama hawajaambiwa: asidi ile haina nguvu kubwa ya kuua, inakizuia kimeng'enya cha bakteria ili amoksilini ifanye kazi yake. Msaidizi wa aina hiyo, wa kuziba pampu, ndiye anayetafutwa sasa kwenye majani na magome.

Njia nyingine ni kumnyang'anya bakteria silaha bila kumuua. Katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Cassandra Quave na wenzake walifuata dawa ya wanakijiji wa kusini mwa Italia, waliokuwa wakiosha ngozi yenye vidonda kwa maji ya majani ya mchestinati. Mwaka 2015 walieleza kuwa kemikali za majani hayo hukata mawasiliano kati ya bakteria wa stafilokoka, aina wanaojulikana kwa kuwa sugu hospitalini. Bakteria hao hutoa sumu wakishajua kuwa wako wengi. Wasipopata habari hiyo, hukaa bila madhara makubwa na mwili ukawamaliza. Kwa panya wa maabara ilifanya kazi. Na kwa kuwa hawauawi, hawasukumwi sana kutafuta usugu.

Mambo mawili yanafaa kuonekana hapo. Kwanza, waliotoa dokezo walikuwa wanakijiji na waganga wao, watu wa aina ya yule mama wa meza ya magome. Pili, kati ya dokezo na dawa kuna kazi ndefu: kutambua mmea kwa jina moja lisilobadilika, kupima, kujaribu kwa wanyama, kisha kwa watu, kuweka kipimo. Mchina Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi ya namna hiyo aliyoianza kabla mwaka 1970 haujafika, ya kutoa artemisinini kwenye mmea uliokuwemo katika vitabu vya kale vya tiba vya China. Malaria haisababishwi na bakteria, lakini dawa mseto inayotibu malaria katika kila zahanati ya ukanda huu ina mmea huo ndani yake, na mmea wenyewe umelimwa Kenya, Tanzania na Uganda. Somo lake chungu nalo linahusu huku huku: usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Kimelea hakijali kama dawa ilitoka shambani au kiwandani. Anayedhani mitishamba haiwezi kuzoewa ajikumbushe hilo kila anapouza chupa.

Wakazi wa kanda hii wana kumbukumbu nyingine pia. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Kenya, Uganda na kila pembe ya Tanzania walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi na wengine walifia njiani. Wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye tiba ya kawaida ni miezi sita bila kukatiza, kuacha katikati ni kujitengenezea ugonjwa sugu na kuuambukiza kwa abiria aliyekaa naye kiti kimoja. Wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakujua kifua kikuu sugu, lakini walimjua binadamu.

Kwa hiyo mjadala usiwe mitishamba dhidi ya hospitali. Tatizo la wafanyabiashara wa mpakani ni kwamba gunia la magome leo halina mlango wake. Likisemwa kuwa ni mimea mikavu, linaingia kwenye kundi la forodha la mimea itumikayo kwa dawa na manukato, linahitaji cheti cha afya ya mimea, na mwenye hati hupita. Likisagwa, likatiwa kwenye chupa na kubandikwa maneno "hutibu U.T.I.", ghafla limekuwa dawa, na dawa husajiliwa na mamlaka za kila nchi kwa utaratibu wake. Aliyesajili Tanzania anaanza upya Kenya. Aliyesajili Uganda anaanza upya Rwanda. Gharama hiyo mwenye mtaji wa dola mia tano haiwezi. Anachofanya ni kupita usiku kwa bodaboda, na bidhaa iliyopita usiku haipimwi na mtu yeyote.

Humo ndimo udanganyifu unapoingia. Mamlaka za dawa katika ukanda huu zimewahi kukamata "dawa za asili" zilizochanganywa na dawa za kiwandani, maarufu zaidi zikiwa zile za nguvu za kiume. Mchanganyiko wa antibiotiki ndani ya unga wa mizizi ungekuwa mbaya zaidi: mnywaji angepata kiasi asichokijua, kwa siku asizohesabu, na mtaa mzima ungelipa. Muuzaji mwaminifu asiye na cheti hana namna ya kujitofautisha na mwenye tabia hiyo.

Njia ya kutokea ipo, na sehemu yake imeshajengwa. Mwaka 2012, mjini Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, ambapo wataalamu wa nchi wanachama hukaa pamoja kupitia faili moja la dawa badala ya kila nchi kulipitia peke yake. Njia hiyo hiyo inaweza kubeba dawa za mitishamba, kuanzia na chache zinazouzwa sana na za matumizi yasiyo ya hatari: za kusafisha kinywa, za kupaka kwenye ngozi, za kuosha vidonda vidogo. Wataalamu wapo. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, Uganda ina taasisi ya utafiti wa tiba za asili Wandegeya, KEMRI ya Kenya ina kituo chake. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu 2002 na Uganda tangu 2019. Kilichobaki ni mawaziri wa afya na wa biashara kukaa chumba kimoja, jambo ambalo kwa sababu fulani ni gumu kuliko kukutanisha marais.

Kiwe pia na masharti kwa upande wa vidonge. Mkutano wa ngazi ya juu wa Umoja wa Mataifa wa Septemba 2024 uliweka lengo la kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusishwa na usugu ifikapo 2030. Lengo hilo halitafikiwa iwapo antibiotiki zitaendelea kuuzwa nusu dozi mita chache kutoka Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani. Zahanati ndogo ndani ya vituo hivyo, yenye kipimo cha mkojo na mhudumu anayejua kusema "huhitaji antibiotiki", ingemsaidia mfanyabiashara kuliko bango. Na vidonge vilivyobaki kwenye pochi visipewe mwenzake. Si ukarimu.

Wauza kuku na mayai nao wanahusika. Mfugaji akiona kuku wanazubaa huwatia oksitetrasaikilini kwenye maji, kisha huwauza upesi kabla hawajafa, bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni kideri, unaoletwa na kirusi, na hakuna antibiotiki inayomuua kirusi. Chanjo ya tone la jicho ipo na haihitaji ubaridi mkali. Mnunuzi wa jumla anayeulizia chanjo kabla ya kupakia matenga ana nguvu kuliko afisa mifugo.

Limebaki suala la miti yenyewe, ambalo wakubwa hulisahau na wachuuzi hulijua. Gome la mwiri limevunwa kwa ajili ya dawa za tezi dume za Ulaya hadi mti huo ukawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1995. Msandali wa Afrika Mashariki ulifuata mwaka 2013, baada ya mizizi yake kung'olewa na kuvushwa kwa malori kwa ajili ya mafuta. Muthiga na mjafari ziko kwenye njia hiyohiyo. Mti uliozungushiwa panga na kuvuliwa gome lote hukauka. Utafiti mwingi unaonyesha majani nayo yana kemikali, wakati mwingine chache kuliko gome, na jani huota tena. Mfumo wa pamoja wa usajili ukieleza sehemu gani ya mmea ivunwe na nani alipwe, kwa misingi ya Itifaki ya Nagoya inayotaka jamii zenye maarifa zipate mgawo wao, mama wa meza ya magome atakuwa na sababu ya kupanda miche nyuma ya nyumba. Hadi hapo ataendelea kununua gome kutoka msitu unaozidi kuwa mbali, kwa bei inayopanda kila msimu, na kulipitisha usiku.